Nilivyojizika Mwenyewe Siku ya Usaili wa Udaktari

Jamaa zangu, leo nimeaibika mpaka nimetafuta pa kuficha uso nikakosa.

Barua hii ni moja kwa nyote wanne. Wa Tanga akimaliza ampelekee wa Moshi, naye aipitishe. Tafadhali msiisomee barazani mbele za watu. Isomeeni chumbani, mlango umefungwa.

Mnajua hali yangu. Mwaka wa pili huu tangu nirudi kutoka India na shahada yangu ya uinjinia. Nimewekwa Idara ya Maji hapa Same, kazi yangu kupima mabomba na kuandika urefu wake kwenye daftari. Mzungu wangu, mkubwa wa idara, kila Jumatatu ananiuliza kama kule India wanafundisha hesabu za kweli. Kila Jumatatu najibu "Ndiyo, bwana," halafu nakwenda kupima mabomba.

Basi mwaka jana lilitoka tangazo. Skolashipu ya kwenda Uingereza kusomea udaktari wa uinjinia, kila kitu kimelipiwa, nafasi moja tu kwa nchi nzima. Nikaomba. Nikaandika habari za ndiva zetu za huku milimani: wazee wamechimba bwawa la udongo ubavuni mwa mlima, halina saruji wala chuma, na maji yanakaa humo bila kuvuja miaka na miaka. Kwa nini hayavuji? Je, tunaweza kujenga kubwa zaidi kule chini tambarare, Kileo na kwingineko, watu wakalima hata mvua zikikata? Hilo ndilo nililotaka kwenda kulisomea.

Nikatuma. Kimya. Mwaka mzima kimya.

Mimi nikajua kuna mtu. (Mnanijua. Kwangu hata chungu kikivunjika kuna mtu.) Na mtu mwenyewe nikamwona: Zefania, karani wa Bwana Shauri, ambaye barua zote za serikali hupitia mikononi mwake. Anatabasamu mno. Mtu anayetabasamu kiasi kile asubuhi ya Jumatatu anaficha kitu. Mara mbili alikuja mpaka kwenye nyumba yangu ya kupanga, akabisha hodi. Mara zote mbili nilizima redio nikakaa kimya chini ya dirisha mpaka akaondoka. Sikutaka anipeleleze.

Mwaka huu nikaomba tena. Safari hii bahasha niliifunga kwa nta, na ndani nikaweka unywele wangu mmoja, ili wakinirudishia nijue kama ilifunguliwa njiani. (Msicheke bado. Tuko mwanzoni.)

Jibu likaja! Nimeitwa kwenye usaili. Leo, saa sita mchana, ofisini kwa Bwana Shauri. Atakuja mjumbe mmoja wa kamati kunihoji. Nikamwazia kichwani: Mzungu mrefu, miwani, kiko mdomoni.

Jana nikapanda nyumbani Mhezi kumuaga mama na kuchukua vipimo vyangu vya ndiva kwa mara ya mwisho. Mama alikwisha kutangaza kijiji kizima kwamba mwanawe anakwenda kuwa daktari. Nilipofika nikakuta majirani watatu wananingoja, mmoja amekwisha kukunja kanga anionyeshe goti. Nikaeleza kwamba huu ni udaktari wa maji. Yule mama akaniambia, "Basi sawa, mwanangu, maji ndiyo hasa yaliyojaa kwenye goti."

Leo alfajiri nikavaa suti. Nikashika mkoba wangu wenye michoro yote, nikapita ndivani kwanza. Kuna baridi, ukungu umekaa juu ya migomba. Na pale ukingoni, jamaa zangu, kuna mtu amechuchumaa. Anapima ndiva yangu kwa futi kamba!

Mwanamume Mwafrika wa makamo. Koti kuukuu, viatu vimejaa tope, kofia imelegea masikioni. Si mtu wa kwetu.

"Shikamoo," nikasema, maana alikuwa mkubwa, na hata mwizi mkubwa anaamkiwa.

"Marahaba. Habari ya hapa?" Kiswahili chake kilikuwa cha mbali. "Mimi nimelala kwa mchungaji. Jana barabara imeharibika, gari yangu imebaki chini, nikapanda kwa miguu. Nataka kuona hii ndiva. Kuna mutu ameandika habari yake vizuri sana. Anaitwa Elinami. Wewe unamujua?"

Nikaubana mkoba kwapani.

Habari zile niliandikia kamati peke yake. Zimepitia kwa nani? Kwa Zefania. Basi mambo yakanipangika kichwani kama matofali: Zefania ameuza maandishi yangu. Huyu ni mkandarasi. Amekuja kupima, achore, apeleke kwa wenye mashamba ya mkonge, na mimi nibaki napima mabomba mpaka nizeeke.

"Namjua," nikasema. "Mimi ni ndugu yake. Naitwa Yona."

"Vizuri sana! Yeye yuko wapi? Ningefurahi kumusalimu hapa kwake."

Nilitaka kusema amesafiri. Naapa nilitaka kusema amesafiri. Lakini nikafikiri: nikisema amesafiri, atauliza amekwenda wapi, anarudi lini. Ndipo mdomo wangu ukatoa jibu wenyewe.

"Amefariki."

Mtu yule akavua kofia. Akaishika kifuani, uso umemwanguka kabisa. "Pole sana," akasema. "Pole sana, Yona. Lini?"

"Juzi." (Sijui kwa nini nilisema juzi. Ningesema mwaka jana ningepumzika.)

"Alikuwa mugonjwa?"

"Ghafla tu."

Akatikisa kichwa. Akasema ni hasara kubwa. Mimi nikamtazama nikajisemea moyoni, huyu ni mwigizaji hodari, machozi kabisa yanamlengalenga kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Akaomba tuteremke pamoja, maana naye alikuwa anarudi kwenye gari lake. Nikakubali, ili nimchunge. Njia nzima ananiuliza habari za ndiva, na njia nzima mimi namlisha uongo. Chini pamesiribwa kwa kitu gani hata pasivuje? "Maziwa ya mbuzi," nikasema, "yaliyochanganywa na majivu." Akaandika. Kina chake? "Hapana mwisho. Mtu akizama hapatikani." Akaandika, ingawa alinitazama kidogo, kwa kuwa alikwisha kupima mwenyewe. Kizibo cha tundu la kutolea maji kinafunguliwaje asubuhi? "Mzee anapiga mluzi." Hapo kalamu ikasimama.

"Muluzi?"

"Mluzi mara tatu. Maji yanatoka yenyewe."

"Ndugu yako hakuandika hivyo."

"Ndugu yangu," nikasema kwa huzuni, "alificha siri nyingi."

Tulipofika chini nikaona Landirova ya serikali inamngoja. Mtu mwenye akili angejiuliza mkandarasi mwizi anapata wapi gari la serikali. Mimi sikujiuliza hivyo. Nilitazama namba, nikaona si la Same, ni gari geni, dereva mgeni. Nikasema, lo, mtandao ni mkubwa kuliko nilivyodhani.

"Ingia tukupeleke Same," akasema.

Nikakumbatia mkoba wangu. Niingie, wanipeleke porini, wachukue michoro? "Asante sana," nikajibu, "kwa mila yetu mfiwa hapandi gari." (Hakuna mila kama hiyo. Mizimu ya Wapare wote inisamehe.)

Wakaondoka. Nikala vumbi lao, halafu nikala vumbi la malori yote yaliyopita, kwa miguu mpaka Same, jua linawaka, suti ya India imegeuka rangi ya barabara. Lakini moyoni nilikuwa mshindi. Nimemshinda mwizi. Nimelinda kazi yangu.

Saa sita kasoro robo nikafika ofisini kwa Bwana Shauri. Meza ya Zefania haina mtu. Nikajisemea, kakimbia, kajua leo nitamuumbua. Mlango wa ndani uko wazi nusu. Nikapiga hodi, nikaingia, nimenyoosha mgongo.

Bwana Shauri amekaa kitini. Huyu ni mgeni, ana mwezi mmoja tu hapa, hatujawahi kuonana. Mbele yake kuna faili lenye jina langu, limekwisha kufungwa kwa kamba. Na kando yake, kofia magotini, amekaa mwizi wangu.

"Aa!" akasema mwizi. "Huyu ndiye Yona, ndugu ya marehemu. Amekuja kwa miguu maskini."

Bwana Shauri akainuka, akanipa mkono. "Pole sana, Yona. Huyu ni Bwana Kasule, mhadhiri wa chuo kule Uganda. Kamati ilimtuma amhoji ndugu yako. Alifika siku moja mapema apate kuiona ndiva kwa macho yake. Ameniambia maandishi ya ndugu yako ndiyo bora aliyosoma mwaka huu."

Jamaa zangu.

Bora mwaka huu.

Niliona ukuta unakuja mbele na kurudi nyuma. Mjumbe wa kamati! Nimemngoja Mzungu mwenye kiko, na mjumbe ni Mwafrika mwenzangu, mwenye tope viatuni kwa sababu amepanda mlima kwa miguu kuja kuona kazi yangu. Nami nimemwambia mluzi.

"Tunasikitika," akaendelea Bwana Shauri. "Nafasi itapewa mtu wa pili. Tulikuwa tunaandika barua sasa hivi."

Hapo nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya jogoo anayejifunza kuwika.

"Samahani, bwana. Marehemu ni mimi."

Bwana Shauri akaweka kalamu chini.

Bwana Kasule akaniangalia. Huzuni ikamtoka usoni polepole, pakabaki kitu kingine. Akageuka kwa Bwana Shauri akasema kwa utaratibu kabisa, "Nimefahamu. Huyu ndugu anataka kuchukua nafasi ya marehemu."

"Hapana! Mimi ndiye Elinami!"

"Asubuhi ulikuwa Yona," akasema Bwana Kasule.

"Niliongopa!"

"Na sasa?"

Bwana Shauri akauliza kama nina cheti chochote cha kunitambulisha. Nikafungua mkoba. Michoro! Vipimo! Shahada yenyewe kutoka India! Bwana Kasule akavitazama, akavirudisha. "Vitu vya marehemu," akasema. "Ndugu hurithi."

Nikaona mwisho wangu. Bwana Shauri alikwisha kutupia jicho dirishani, alikokuwa amesimama askari. Ningefungwa kwa kosa la kujifanya mimi!

Basi Bwana Kasule akatoa daftari lake, akafungua ukurasa wa leo asubuhi. "Tutajua sasa hivi," akasema. "Maandishi yanasema chini ya ndiva pamesiribwa kwa udongo wa mufinyanzi, umepondwa kwa miguu. Wewe umesema maziwa ya mubuzi na majivu. Nani mukweli?"

"Marehemu," nikasema.

"Kina?"

"Kifuani kwangu. Marehemu alipima."

"Na kizibo kinafunguliwa kwa muluzi?"

"Kwa gogo, bwana. Gogo na majani ya migomba. Mzee analivuta asubuhi, analirudisha jioni." Nikaona bora nife nikiwa nafanya hesabu. Nikachukua chaki, nikaenda kwenye ubao wa matangazo, nikachora ukuta wa ndiva, nikaonyesha uzito wa maji unavyosukuma, udongo unavyobana kila unapolowa, na mahali ambapo ukuta ungepasuka kama ungeongezwa urefu bila kuongezwa upana. Akaniuliza swali. Nikajibu. Akauliza gumu zaidi, nikasema hilo sijui, na kwamba ndilo hasa ninalotaka kwenda kulisomea. Akaliandika. Tulikuwa tumesahau kufa kwangu kabisa.

Ndipo Zefania akaingia. Ametoka posta. Macho mekundu, yamevimba, leso mkononi. Kumbe alikuwa analia! Zefania analia, kwa ajili yangu mimi! Akaniona nimesimama na chaki, nimejaa vumbi jeupe kuanzia nywele mpaka viatu.

Akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika Usangi. Akarudi kinyumenyume, akagonga kabati, mafaili yakamwagikia kichwani.

"Zefania, ni mimi! Sijafa!"

Alipopata pumzi Bwana Shauri akamuuliza, "Unamtambua mtu huyu?"

"Ndiye mwenyewe, bwana," akasema Zefania, bado ameshika moyo. "Ndiye Elinami. Tangu aombe tena mwaka huu, anakuja hapa kila wiki kuniuliza kwa nini natabasamu."

Bwana Kasule akataka kujua ilikuwaje. Nikasema yote: mkandarasi, mkonge, barua ya mwaka jana iliyofichwa. Kwenye "iliyofichwa" nikamtazama Zefania kwa pembe ya jicho. Angalau hilo, nikasema, nina hakika nalo.

"Barua ya mwaka jana?" Zefania akashangaa. "Ile ilirudishwa na kamati kwa sababu hukutia sahihi kwenye fomu. Nilikuletea nyumbani utie, niipeleke tena kabla ya siku kwisha. Mara mbili nilikuja! Redio inalia, napiga hodi, redio inazimwa."

Jamaa zangu, hapo ndipo aibu iliponishika shingoni. Kufa ni kufa tu. Lakini kujua kwamba mwaka mzima wa mabomba nimejipa mwenyewe, kwa mkono wangu, nimejificha chini ya dirisha kama kuku, hilo liliniuma. Nikamwomba Zefania radhi mbele ya wote. Akanipa mkono. Na akatabasamu, hivyo hivyo kama siku zote. Kumbe ndivyo uso wake ulivyo.

Bwana Kasule alianza kucheka taratibu, mabega yanatikisika, halafu akacheka mpaka akavua kofia akajifuta macho. Akasema kwa upande wa hesabu ameridhika, atanipendekeza. Kwa upande wa tabia, fomu ina mstari mmoja tu, hivyo ataandika kwamba mwombaji analinda sana kazi yake. "Lakini ukifika Uingereza," akasema, "usimuzike mutu mwingine."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye bahati. Lakini Bwana Shauri akakunja uso. "Dereva wenu," akamwambia Bwana Kasule, "si tulimtuma arudi Mhezi kumpa pole mama wa marehemu?"

Mama yangu!

Sikumbuki niliagaje. Bwana Shauri alinipa gari lake mpaka barabara inapokatikia, na kutoka hapo nilipanda mlima mbio, suti na mkoba, ile njia ambayo watu wazima hupumzika mara tatu. Sikupumzika. Njiani nilijiona nikimkuta mama amezimia, nikalia nikiwa nakimbia. Hilo silioni la kuchekesha, na ninyi msilione.

Nikafika saa kumi. Uani watu wamejaa, lakini hakuna kilio. Wanaume wawili wamesimama na mapanga mbele ya stoo ya mahindi. Mama amekaa kwenye kigoda mlangoni, ufunguo shingoni, anachambua maharage.

"Shikamoo mama!" nikahema.

"Marahaba." Hakuinuka.

"Mama, kuna mtu amekuja kusema nimekufa?"

"Amekuja," akasema. "Eti umekufa juzi. Juzi! Na leo alfajiri umekula makande hapa. Nikamtazama, hana barua, hana muhuri, na ndugu yako Yona aliyemtaja mimi sijamzaa. Nikajua huyu ni mwizi, anataka tukalie msibani aibe mbuzi. Nikamwambia, ingia stoo, baba, kuna kivuli, nakuletea uji. Akaingia. Nikafunga."

Kutoka ndani ya stoo sauti ya dereva ikasema kwa unyonge, "Mama, uji nimeshamaliza. Nifungulie, mimi mtu wa serikali."

"Ndivyo wanavyosema wote," mama akajibu bila kugeuka.

Nikacheka, jamaa zangu, nikacheka mpaka nikakaa chini, maana sasa nilijua tabia hii nimeitoa kwa nani. Nikamwambia, "Mama, mfungulie. Anasema kweli, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema nimekufa."

Mama akaacha maharage. Akanitazama kuanzia nywele zenye vumbi, suti iliyochanika goti, macho mekundu.

"Na wewe," akasema, "nitajuaje ni wewe?"

Nimetaja majina ya babu zangu mpaka wa tano ndipo ufunguo ukatoka shingoni. Dereva nimemwomba radhi mpaka sauti imekauka. Amekula makande, ameondoka bila kinyongo, ila amekataa kupitia karibu na mama.

Sasa naandika haya miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Jibu la kamati litakuja baada ya miezi miwili. Mkisikia nimepata, njooni mnipongeze. Mkisikia nimekufa, nawaomba mniulize kwanza.